Kupachika atomi ngeni kwenye kizimba cha B12N12: mwongozo kamili wa kupata β na ΔG zisizokuaibisha

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii ni yaleyale. Mtu ameweka lithiamu juu ya kizimba cha boroni na naitrojeni, amepata β (kipimo cha uwezo wa molekuli kugeuza rangi ya mwanga wa leza) kubwa ya kutisha, kisha msimamizi wake anamuuliza: na kizimba kitupu kina β ngapi? Hana jibu, au analo, na ni 40 badala ya sifuri. Mwingine ana kichocheo cha nikeli chenye ΔG (kipimo cha jinsi hidrojeni inavyoshikwa) ya eV −2.6 (eV ni elektrovolti, kizio cha nishati) na anataka kujua kama hiyo ni habari njema. Si njema.

Nikifungua faili zao, kompyuta mara nyingi imefanya ilichoambiwa bila kosa. Tatizo liko kwenye ilichoambiwa: idadi ya elektroni, hali ya spini, au namba mbili zilizokokotolewa kwa ngazi tofauti zikatoanishwa kana kwamba ni ndugu. Basi tutaanza na kizimba kitupu, ambacho majibu yake tunayajua kabla ya kuwasha mashine, na kila hatua itakayofuata tutairudisha kwake.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Avogadro, kwa kutazama molekuli na mitetemo yake.
- xtb, kwa kunyoosha jiometri haraka, yaani kusogeza atomi hadi nishati iwe ndogo kabisa. Ni ya bure.
- ORCA, kwa hesabu zenyewe. Ni ya bure kwa matumizi ya kitaaluma, ila lazima ujisajili.
- Multiwfn, kwa chaji na ramani za obitali. Si lazima siku ya kwanza.
- Kompyuta yenye kore 8 na RAM ya GB 32. Atomi 25 hazihitaji zaidi ya hapo.
- Jedwali moja la kuandikia kila hesabu: jina la faili, fankishonali (fomula ya kukadiria nishati ya elektroni), seti msingi (fomula za kujengea obitali), chaji, spini, nishati. Usilidharau. Baada ya wiki mbili hutakumbuka `jaribio3_mpya_sahihi.out` ilikuwa ya nini.

Ukitumia programu nyingine, mantiki ni ileile. Maneno ya amri ndiyo yatakayobadilika.

## Hatua ya 1: Hesabu elektroni kwa mkono

Boroni ina elektroni 5, naitrojeni 7. Kumi na mbili kwa kumi na mbili: 60 na 84, jumla 144. Ni shufwa, kwa hiyo kizimba kitupu kinaweza kuwa na elektroni zote katika jozi, na wingi wa spini (idadi ya elektroni zisizo na mwenza, ongeza moja) ni 1.

Sasa ongeza mgeni:

- Lithiamu (3): jumla 147, witiri. Wingi wa spini ni 2.
- Sodiamu (11): 155, witiri. Ni 2.
- Potasiamu (19): 163, witiri. Ni 2.
- Kobalti (27): 171, witiri. Jaribu 2 na 4.
- Nikeli (28): 172, shufwa. Jaribu 1 na 3.
- Kaboni kuchukua nafasi ya boroni moja: 145, witiri. Ikichukua nafasi ya naitrojeni: 143, nayo witiri.

Kwa nini tuhesabu wenyewe wakati programu inajua kujumlisha? Kwa sababu inachokagua ni kama shufwa na witiri vinapatana, basi. Ukiandika 1 kwa mfumo wa elektroni 147 itakukatalia papo hapo. Ukiandika 1 kwa nikeli ambayo kwa hakika inataka 3, itakubali, itafanya kazi usiku kucha na kukuletea jibu safi la hali isiyokuwepo.

Onyo: katika ORCA unaandika wingi wa spini, lakini katika xtb unaandika idadi ya elektroni zisizo na mwenza. Lithiamu juu ya kizimba ni `2` kwa ORCA na `--uhf 1` kwa xtb. Wengi huinakili 2 kutoka huku kwenda kule.

## Hatua ya 2: Jenga kizimba kwa hesabu, si kwa kipanya

Nimeona watu wakikaa saa nzima wakivuta atomi moja moja kwenye skrini, wakaishia na kizimba kilichopinda chenye boroni mbili zilizoshikana. Hakuna haja. Kizimba cha B12N12 kina umbo la oktahedroni iliyokatwa pembe: miraba 6, heksagoni 8, bondi 36. Vipeo vyake 24 hupatikana kwa kupanga upya namba 0, ±1 na ±2.

Zidisha namba hizo kwa 1.03 ili bondi ziwe na urefu wa karibu Å (angstromu) 1.46. Boroni kumi na mbili ziko hapa:

- (0, ±1.03, ±2.06)
- (±2.06, 0, ±1.03)
- (±1.03, ±2.06, 0)

Naitrojeni kumi na mbili ziko hapa:

- (0, ±2.06, ±1.03)
- (±1.03, 0, ±2.06)
- (±2.06, ±1.03, 0)

Kila mstari una michanganyiko minne ya alama za kujumlisha na kutoa. Chukua boroni iliyo (0, 1.03, 2.06) uitazame kwa karibu. Majirani zake ni (1.03, 0, 2.06), (−1.03, 0, 2.06) na (0, 2.06, 1.03). Zote tatu ni naitrojeni. Ndivyo ilivyo kwa kila kipeo: ukivuka bondi moja, tarakimu mbili zinabadilishana nafasi na aina ya atomi inabadilika nazo. Boroni haiwezi kugusa boroni hata ukitaka.

Dalili ya kufaulu: Avogadro inaonyesha bondi 36, kila atomi ina majirani watatu, na hakuna atomi inayoning'inia peke yake.

## Hatua ya 3: Kizimba kitupu kwanza

Faili lako la kwanza linafanana na hili (B3LYP ni fankishonali, def2-SVP ni seti msingi, `Opt` hunyoosha jiometri, `Freq` hukokotoa mitetemo):

```
! B3LYP D3BJ def2-SVP Opt Freq TightSCF DefGrid3
%pal nprocs 8 end
%maxcore 2000
* xyzfile 0 1 kizimba.xyz
```

`%maxcore` ni megabaiti kwa kila kore, si kwa mashine nzima. Kore 8 mara 2000 ni kama GB 16. Iache kumbukumbu nyingine ipumue, maana programu huvuka kikomo hicho mara kwa mara. Na ukitumia kore nyingi, ita ORCA kwa anwani yake kamili ya folda. Ukiandika `orca` tupu, itakwama mwanzoni kabisa.

Kazi ikiisha, kagua mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, mwisho wa faili uwe na `ORCA TERMINATED NORMALLY`, na juu yake utakuta jiometri imeshangiliwa kwa `HURRAY`. Watengenezaji wake nao wana ucheshi.

Pili, bondi. Zitakuwa zimejigawa makundi mawili: zile za kati ya heksagoni mbili zinakaribia Å 1.44, na zile zinazopakana na mraba zinakaribia Å 1.49. Ukiona makundi matatu au manne, kizimba kimepinda.

Tatu, mitetemo. Atomi 24 zinatoa mitetemo 3 × 24 − 6, yaani 66. ORCA itaorodhesha 72, sita za mwanzo zikiwa sifuri kwa sababu ni molekuli nzima kusogea na kuzunguka. Isiwepo hata moja yenye alama hasi.

Nne, momenti ya dipoli, yaani kipimo cha chaji kuegemea upande mmoja. Iwe sifuri, au namba ndogo isiyo na maana. Pengo kati ya HOMO (obitali ya juu kabisa yenye elektroni) na LUMO (ya chini kabisa iliyo tupu) kwa B3LYP na seti ndogo huwa karibu eV 6.8.

Usivuke hapa kama moja ya hayo halijatimia. Kosa lililoko kwenye kizimba kitupu litakuwepo kwenye vizimba vyote utakavyotengeneza kutoka kwake, ila huko halitaonekana kirahisi.

## Hatua ya 4: Mweke mgeni sehemu zote, si sehemu uipendayo

Uso wa kizimba una milango mitano inayofaa kujaribiwa. Hizi ni nafasi za kuanzia za lithiamu, takriban Å 2 juu ya uso, kwa viwianishi vya Hatua ya 2:

- Juu ya heksagoni: (2.13, 2.13, 2.13)
- Juu ya mraba: (0, 0, 4.06)
- Juu ya bondi ya heksagoni mbili: (0, 2.96, 2.96)
- Juu ya bondi ya mraba na heksagoni: (0.99, 0.99, 3.95)
- Juu ya naitrojeni: (0, 3.85, 1.92)

Ongeza na ya sita, katikati ya kizimba: (0, 0, 0). Kwa sodiamu na potasiamu ongeza umbali, maana ni atomi nene zaidi.

Kabla ya kuendesha, sogeza lithiamu pembeni kidogo, kama 0.05 kwenye kila mhimili, kila mhimili kwa kiasi tofauti kidogo. Atomi iliyosimama katikati kabisa ya mraba inavutwa sawa kila upande, kwa hiyo haisogei, hata kama pale ni kilele na bonde liko hatua moja pembeni. Ukiitingisha, itajua njia.

Zinyooshe zote sita kwa xtb kwanza, kisha kwa ORCA. Usishangae sita zikirudi tatu: lithiamu huteleza. Ikiwa mbili zimefika mahali pamoja na nishati zao kwa Hartree (kizio cha nishati cha ORCA) zinalingana hadi tarakimu ya tano baada ya nukta, ni muundo mmoja. Usiziripoti kama mbili. Kosa ninalokutana nalo sana ni faili lililopewa jina `juu_ya_mraba` huku lithiamu yenyewe ilishahamia kwenye bondi zamani. Jina la faili si ushahidi. Fungua jiometri ya mwisho uitazame.

## Hatua ya 5: Hakikisha spini ni ya kweli

Tafuta thamani ya ⟨S²⟩, kipimo cha usafi wa spini, kwenye faili la matokeo. Kwa wingi wa spini 2 inatakiwa 0.75, kwa 3 inatakiwa 2.00, kwa 4 inatakiwa 3.75. Lithiamu kwa kawaida haina shida hapa. Nikeli na kobalti ndizo zenye vituko. Ukiona 1.10 mahali pa 0.75, hali mbili za spini zimechanganyika na nishati uliyopata si ya yoyote kati yao.

Kisha jaribu uthabiti wa jibu kwa kuongeza:

```
%scf STABPerform true end
```

SCF (mzunguko wa hesabu unaotafuta mpangilio wa elektroni) kutulia hakumaanishi imefika chini kabisa. Inaweza kuwa imetulia juu ya kiti wakati sakafu ipo. Ikisema jibu si thabiti, anza upya kutoka kwenye obitali mpya na ulinganishe nishati. Kwa nikeli na kobalti hatua hii si ya hiari. Chukua spini yenye nishati ndogo zaidi, na uandike kwenye jedwali umbali uliopo kati yake na inayofuata. Zikitofautiana kwa chini ya eV 0.2, jaribu fankishonali ya pili kabla ya kutangaza mshindi, kwani kiasi cha ubadilishano halisi (nishati itokanayo na elektroni kubadilishana nafasi) ndani ya fankishonali huweza kupindua matokeo.

## Hatua ya 6: Frikwensi, kwa kila muundo

Atomi 25, mitetemo 69. Alama hasi moja maana yake muundo wako umesimama kwenye tandiko kati ya mabonde mawili. Fungua mtetemo huo kwenye Avogadro, sukuma atomi kidogo kufuata mishale yake, nyoosha tena. Ikiwa hasi ni ndogo, tuseme cm⁻¹ −15, mara nyingi ni ukungu wa hesabu: kaza SCF na gridi, rudia. Ikiwa ni −200, usijidanganye.

## Hatua ya 7: Nishati ya kuungana

Ni nishati ya mfumo mzima, toa ya kizimba, toa ya atomi ya lithiamu iliyo peke yake (wingi wa spini 2). Zote tatu kwa fankishonali ileile, seti ileile, gridi ileile. Hartree moja ni eV 27.2114. Jibu hasi linasema wameungana.

Katika mfumo wa pamoja, kizimba huazima seti msingi ya lithiamu na lithiamu huazima ya kizimba, hivyo muungano unaonekana imara kuliko ulivyo. Dawa ni ile ya Boys na Bernardi ya mwaka 1970: kila kipande kikokotolewe huku mwenzake akiwepo kama mzimu, yaani seti yake ipo lakini yeye hayupo. Kwenye ORCA mzimu unaandikwa kwa kuweka nukta mbili baada ya alama ya atomi, mfano `Li : 2.13 2.13 2.13`. Kwa seti ndogo kama def2-SVP marekebisho haya huwa makubwa, kwa hiyo nishati za kuripoti zipatikane kwa def2-TZVP juu ya jiometri uliyokwisha kuinyoosha.

Kwa chaji kuna mbinu kadhaa za kuwagawia atomi elektroni. Usisome ya Mulliken kwenye seti yenye tabaka tandavu (fomula zinazofika mbali na viini), hutoa vioja. Ya Hirshfeld inatosha kukuonyesha kama lithiamu imeachia elektroni yake na kwa kiasi gani.

## Hatua ya 8: β, pale wengi wanapokwama

Molekuli ikiwekwa kwenye uga wa umeme, wingu lake la elektroni linavutika. Kiasi cha kuvutika kwa unyoofu ni α. Sehemu inayopindika, ile isiyoongezeka kwa mstari mnyoofu, ni β, na ndiyo inayoiwezesha mata kupokea mwanga wa leza wa nm 1064 na kutoa wa nm 532.

Sheria moja kabla ya yote: molekuli yenye kitovu cha ulinganifu ina β sifuri. B12N12 ina kitovu hicho. Rudi kwenye orodha ya Hatua ya 2 uone, kila atomi iliyoko (x, y, z) ina pacha wa aina yake huko (−x, −y, −z). Hivyo kizimba kitupu ndicho mzani wako. Endesha utaratibu wote ufuatao juu yake kwanza. Usipopata sifuri, tatizo liko kwenye mipangilio yako na si kwenye kemia. Ile β ya 40 niliyoitaja mwanzoni ilitokana na kizimba kilichopinda na SCF iliyoachwa legevu.

Fankishonali. B3LYP hukuza β kupita kiasi pale elektroni inapohama kutoka upande mmoja wa molekuli kwenda mwingine. Tumia CAM-B3LYP, ambayo ubadilishano wake halisi unapanda kutoka asilimia 19 karibu na elektroni hadi 65 kwa mbali, kisha uhakiki kwa fankishonali ya familia ya ωB97X.

Seti msingi. Elektroni ya ziada iliyotoka kwa lithiamu huelea mbali na viini. Seti isiyo na tabaka tandavu haina mahali pa kuiweka, sawa na kujaribu kupima kivuli kwa rula fupi. Def2-TZVPD au aug-cc-pVDZ zinafaa. Mashine ikilemewa, def2-SVPD ni bora mara nyingi kuliko def2-TZVP kwa kazi hii, ingawa jina la pili linaonekana kubwa.

Sasa faili, kwa mhimili wa z na upande wa kujumlisha:

```
! CAM-B3LYP def2-TZVPD VeryTightSCF DefGrid3
%scf EField 0.0, 0.0, 0.001 end
%elprop Polar true end
* xyzfile 0 2 li_heksagoni.xyz
```

Matoleo ya zamani ya ORCA huandika `Polar 1`. Tengeneza mafaili sita: +x, −x, +y, −y, +z, −z, pamoja na moja lisilo na uga. Kizio kimoja cha atomi cha uga ni V/m 5.142 × 10¹¹, hivyo 0.001 ni uga mkali kweli. Lakini kwa elektroni zilizofungwa ndani ya molekuli ni msukumo mdogo.

Angalia hakuna neno `Opt` kwenye mstari wa kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kuliacha, kwa sababu nilinakili faili la jiometri nikabadilisha kilichonihusu tu. Kila uga ukanyoosha molekuli kivyake, na β iliyotoka ilikuwa na mchango wa viini kusogea juu ya ule wa elektroni. Namba zilikuwa nzuri kupindukia. Nilizishangilia siku mbili kabla ya kuona mafaili yangu sita yana jiometri sita.

Kisha hesabu hii:

β(zzz) = [α(zz) kwenye +z − α(zz) kwenye −z] ÷ (2 × 0.001)

Kwa kuonyesha hesabu tu, tuseme α(zz) ni 312.84 kwenye +z na 296.12 kwenye −z. Tofauti ni 16.72, gawanya kwa 0.002, unapata 8360 kwa vizio vya atomi. Zidisha kwa 8.639 × 10⁻³³ kupata esu: 7.22 × 10⁻²⁹. Vipengele vingine vinatoka vilevile: β(xxz) ni tofauti ya α(xx) kwenye nyuga za z, na kadhalika. Mwisho:

βx = βxxx + βxyy + βxzz, na vivyo hivyo kwa βy na βz

β0 = kipeuo cha pili cha (βx² + βy² + βz²)

Mitego ni mitano, na nimeiona yote:

- ORCA huchapisha tensa (majedwali ya namba) mbili za α: moja ghafi ya mihimili yako, nyingine iliyozungushwa. Chukua ghafi. Iliyozungushwa ina mihimili mipya kwa kila uga, na kuitoa moja kwa nyingine ni kutoa embe kwa chungwa.
- Programu hazikubaliani kuhusu alama ya uga. Tazama momenti ya dipoli: kwenye +z, sehemu yake ya z inapaswa kuongezeka. Ikipungua, alama imegeuzwa.
- Kosa la 0.01 kwenye kila α laweza kukua hadi 10 kwenye β. Ndiyo maana ya VeryTightSCF.
- Rudia kwa 0.0005 na 0.002. β zisipokubaliana ndani ya asilimia 2 au 3, uga mkubwa unaing'oa elektroni au ule mdogo umezama kwenye kelele.
- Baadhi ya makala huongeza kizidishi cha 3/5, na nyingine hutumia msururu wenye ½ mbele ya β. Kabla ya kusema yako ni kubwa mara mbili ya ya fulani, angalia kama mbili hiyo haikutoka kwenye fomula.

Dalili ya kufaulu: kizimba kitupu kinatoa sifuri ndani ya kelele, βxyy uliyoipata kwenye uga wa x inalingana na ile ya α(xy) kwenye uga wa y, na nyuga tatu zinatoa jibu moja.

## Hatua ya 9: Rangi yake ni ipi?

Hatua fupi, lakini wengi huiruka na hapo ndipo mata yao inapofia. Endesha TD-DFT, hesabu ya elektroni kusisimuliwa na mwanga, kwenye jiometri ileile, CAM-B3LYP ileile:

```
%tddft nroots 20 tda false end
```

Weka `tda false` kwa kuwa ORCA yenyewe huchagua mkato wa TDA, na mkato huo huharibu nguvu ya mnyonyo f. Urefu wa wimbi kwa nm ni 1239.84 gawanya kwa eV.

Ukiangalia ngazi mbili tu, β hupanda na Δμ (badiliko la momenti ya dipoli) na f, na hushuka kwa ΔE³ (ΔE ni nishati ya msisimko). Ukipunguza nishati ya msisimko kwa nusu, β inapanda mara nane. Ndiyo siri ya lithiamu: inaleta ngazi mpya ya chini ndani ya lile pengo la eV 6.8. Lakini ngazi hiyohiyo hunyonya mwanga. Ikiwa mnyonyo mkali umeangukia karibu na nm 532, yaani eV 2.33, mwanga unaouzalisha unamezwa na mata yenyewe kabla haujatoka. Ripoti β pamoja na rangi. Thamani ya β peke yake ni nusu ya habari.

## Hatua ya 10: Uchocheaji, kwa kutumia hidrojeni

Kwa upande wa kichocheo tunaacha lithiamu na kushika nikeli au kobalti. Swali ni jinsi hidrojeni inavyoshikwa: ikishikwa sana haiondoki, ikishikwa kidogo haiji. Lengo ni ΔG karibu na sifuri. Ndani ya eV 0.2 kila upande huhesabiwa vizuri.

ΔG = G(kizimba na metali na H) − G(kizimba na metali) − ½ G(H2)

Kila G (nishati huru ya Gibbs) inatoka kwenye hesabu ya frikwensi kwa K 298.15. Rudi Hatua ya 1: nikeli ilikuwa na elektroni 172, sasa umeongeza H zimekuwa 173. Spini za kujaribu si 1 na 3 tena, ni 2 na 4. Kobalti nayo inahama kutoka 171 kwenda 172. Ni hapa hasa ambapo faili la zamani hunakiliwa, likakataliwa, kisha mtu akabahatisha namba inayopita.

Rejea ni nusu ya molekuli ya H2, si atomi ya H. Kuvunja H2 kunagharimu kama eV 4.5, kwa hiyo ukitumia atomi, jibu lako linazama kwa zaidi ya eV 2. Ile −2.6 ya mwanzo ilikuwa hiyo tu. Ukiirekebisha, kichocheo kinageuka kuwa cha kawaida kabisa.

Utakutana pia na marekebisho ya eV 0.24 yanayoongezwa juu ya ΔE kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Yalitoka kwenye kazi ya Nørskov na wenzake ya mwaka 2005, kwa hidrojeni iliyokaa juu ya nyuso za metali. Sehemu kubwa yake ni entropia ya H2: nusu ya TS (joto mara entropia) kwa joto la kawaida ni kama eV 0.20. Sehemu iliyobaki ni mitetemo ya H juu ya metali, na H iliyoshikwa na atomi moja ya nikeli kwenye kizimba haitetemi vilevile. Frikwensi unazo tayari, zitumie.

Dalili ya kufaulu: bondi ya H2 kwenye hesabu yako iko karibu na Å 0.74, miundo yote haina frikwensi hasi, ⟨S²⟩ iko mahali pake kabla na baada ya H, na metali haijang'oka kwenye kizimba H ilipoingia. Hilo la mwisho litazame kwa macho. Nikeli ikiwa imenyanyuka na kuondoka na hidrojeni yake, ulichopima ni NiH iliyoegemea kizimba, na hapo unarudi Hatua ya 4 kutafuta mlango mwingine.